Deni la Mtu Afunguaye Injini



Katika kazi za mikono ziko nyingi ambazo ubora wake huonekana upesi. Seremala akipiga kiti kibovu, mtu atakikalia na kuanguka, na mambo yamekwisha kujulikana. Walakini iko kazi moja ambayo mtu aweza kuifanya vibaya siku nyingi pasipo kugunduliwa, nayo ni kazi ya kufungua. Nasema kufungua kwa maana waitumiayo mafundi wa magari: kuishusha injini ya lori na kuitenganisha kipande kwa kipande, ili ipate kutengenezwa. Kazi hii yajulikana sana katika Mbinga, maana kahawa ya Umatengo haina miguu, na barabara itokayo huko juu mpaka Mbamba Bay, ijapokuwa siku hizi ina lami, ni ya milima na materemko, nayo huichosha injini kwenda na kurudi.

Swali nitakalo kulitafakari ni hili: mtu akifungua kitu cha mwenzake, ana deni gani kwake? Tena deni hilo laanza lini? Je, ni hapo atakaposhindwa kukifunga, au ni tangu nati ya kwanza kulegea?

Wengine watajibu kwamba hapana deni lo lote mpaka kazi iharibike. Fundi ameitwa, amefungua. Akifunga vizuri atalipwa, asipofunga vizuri atadaiwa. Jibu hili lapendeza kwa wepesi wake, lakini naona halitoshi. Na sababu zake twaweza kuzitafuta hapa hapa katika ufuko wa Ziwa Nyasa, ambako mashine kubwa kuliko lori zilipata kufunguliwa zamani, nyingine kwa ajili ya safari na nyingine kwa ajili ya vita.

Meli za mvuke za kwanza za ziwa hili zilifika zikiwa zimetenganishwa. Mto Shire, utokao ziwani, una maporomoko makubwa, wala hapana meli iwezayo kuyapanda kutoka upande wa bahari. Kwa hiyo meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, iliyoundwa Hamburg mwaka 1890, ilipelekwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa huku. Kadhalika meli ya misheni ya Waanglikana, Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895, ilitoka Glasgow katika vifurushi 3,481, nayo ikashushwa majini mwaka 1901. Boila yake, yaani pipa kubwa la kuchemshia maji ya mvuke, ilikuwa na uzito wa tani 11. Hiyo haikuweza kugawanywa. Ikawekewa magurudumu na kuvutwa na Wangoni wapata 450 kupita nchi kavu.

Mfikirini mtu aliyeandika alama juu ya vifurushi vile. Yeye aliishi mbali na ziwa. Naye aliyevifungua hakumwona mwandishi, wala hakuweza kumwuliza neno, kwa kuwa barua ilikwenda polepole mno. Alama ya bamba moja ikiwa imefutika au imekosewa, watu waliolibeba wamejichosha bure. Hapo twaona alama ni kitu gani: ni neno asemalo mtu na mwingine asiyekuwapo. Fundi wa Mbinga akiandika namba kwa rangi juu ya bomba la dizeli, naye anasema na mtu asiyekuwapo; na pengine mtu huyo ni yeye mwenyewe baada ya wiki tatu, spea itakapokuwa imefika kutoka Dar es Salaam, naye amekwisha sahau.

Na tuitazame kazi yenyewe, kwa maana mashauri juu ya wema yasiyojua kazi ni upepo tu.

Kabla ya kufungua, fundi mwema huiosha injini kwa nje, kwa kuwa vumbi la barabarani likianguka ndani hugeuka kuwa kinoo cha kulia chuma. Waya za betri huondolewa. Maji humwagwa injini ikiwa imepoa. Oili humwagwa ikiwa ingali na uvuguvugu, ili itoke pamoja na uchafu wake, nayo hukingwa katika chombo safi ipate kutazamwa. Oili hii ni shahidi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani yake. Ikiwa inameta chembe za shaba, beringi zimeanza kuliwa. Fundi aimwagaye shimoni pasipo kuitazama amemfukuza shahidi kabla baraza halijakaa.

Kisha huja alama. Mahali ambapo meno ya gia yakutana, yaani gia ya krankshafti pamoja na ile iendeshayo valvu na ile ya pampu ya dizeli, hutazamwa kama alama za kiwandani zaonekana bado. Kama hazionekani, fundi huweka zake. Fimbo zisukumazo valvu huchomekwa katika boksi la karatasi lililotobolewa matundu, kila moja na namba yake, kwa kuwa kila fimbo imekwisha kuzoeana na mahali pake kwa kusuguana miaka mingi. Bolti za silinda hedi hazing'olewi moja moja kwa haraka. Hulegezwa kidogo kidogo, kwa duru, aghalabu kuanzia za pembeni na kuishia za katikati, wala si wakati injini ingali na moto, ili hedi isipindike. Kila tundu lililo wazi hufunikwa kwa kitambaa safi. Siku hizi mafundi wengi hupiga picha kwa simu zao kila hatua, nayo ni desturi njema, ingawa picha haitakuambia ile bolti ndefu kuliko wenzake ilitoka tundu lipi.

Lakini mahali panapofundisha zaidi ni chini, penye konrodi, yaani mikono ya chuma iunganishayo pistoni na krankshafti. Kila konrodi ina kifuniko chake kinachoikumbatia krankshafti kwa upande wa chini. Kiwandani konrodi na kifuniko chake huungwa pamoja kwanza, ndipo tundu humalizwa kuchongwa likiwa limepita katika vyote viwili kwa mara moja. Kwa hiyo vifuniko sita vya injini moja vyafanana machoni kama mapacha, wala hapana hata kimoja kiwezacho kukaa mahali pa mwenziwe. Hata kukigeuza tu, upande wa mbele ukawa nyuma, ni kosa. Tundu halitakuwa duara kamili tena. Beringi itabanwa upande mmoja, itapata moto, na mwisho itashika.

Jambo hili aghalabu halionekani siku ya kufunga. Injini itawaka. Mwenye lori atalipa na kushukuru. Kisha, baada ya safari kadhaa, akiwa na mzigo juu ya mlima, atasikia mlio chini ya miguu yake. Naye fundi atasema ya kuwa dereva amekimbiza gari mno, au ya kuwa oili iliyonunuliwa ilikuwa mbovu. Ni nani awezaye kumkanusha? Fundi aliyeuchanganya utaratibu aliiharibu mali siku ile ya kwanza, alipovitupa vifuniko sita pamoja katika karai moja pasipo kutazama namba. Kufunga kwake baadaye kulikuwa ni kutia sahihi tu juu ya uharibifu uliokwisha kutendeka. Basi, swali la pili naona limejibiwa: deni laanza na nati ya kwanza.

Tukirudi kwa swali la kwanza, deni hilo ni la namna gani, yafaa tuende Liuli.

Mwezi Agosti 1914 meli ile Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu mahali pale, inatengenezwa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake ufananao na ile sanamu kubwa ya Misri. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imetangazwa. Rafiki yake Mwingereza, Rhoades, nahodha wa meli iitwayo Guendolen, habari hiyo alikuwa nayo. Akaja akapiga mzinga. Husimuliwa ya kuwa Berndt alimwendea kwa mashua amejaa ghadhabu, akamwuliza kama amelewa. Waingereza hawakuichukua meli ile. Waliondoa mzinga wake na vipande vya injini, wakaenda zao. Kwa nini wajisumbue kuilinda? Meli iliyonyang'anywa kipande chake imefungwa kuliko meli yenye mnyororo. Na mwezi Mei 1915 walirudi tena, maana Wajerumani walikuwa wakifanya bidii kuitengeneza, wakaiharibu zaidi.

Simlaumu Rhoades kupita kiasi. Katika vita, kuondoa kipande ni afadhali kuliko kuzamisha meli pamoja na watu wake. Lakini tazameni: spana ni zile zile, na nati zalegea kwa kugeuziwa upande ule ule. Mtu aliyesimama mbali asingeweza kutambua kama wale watu katika chumba cha injini wanaiponya meli au wanaiua.

Sasa linganisheni na habari ya ziwa jingine. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg katika Ujerumani, ikatenganishwa, ikaletwa kwa bahari na reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, mafundi walioileta waliamriwa waizamishe wenyewe. Waliizamisha tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nyingi. Waliokuja kuiinua walikuwa watu wa upande wa adui zao: Wabelgiji waliiinua, ikazama tena, na mwaka 1924 Waingereza wakaiinua mara ya pili. Injini zikaonekana zingali zafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari zake kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea kufanya kazi mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa za dizeli.

Pengine mafundi wale walitumaini kurudi wao wenyewe, nami siwafanyi kuwa watakatifu. Ila amri ya kuzamisha waliitii, na mashine hawakuisaliti. Walifanya kazi ya kuangamiza kwa namna ya mtu ajuaye kwamba kesho yuko atakayeihitaji injini hii. Nia yao tungali tukiisoma katika grisi ile, baada ya miaka mia na zaidi, kuliko tungeisoma katika maneno yao kama wangaliandika. Naamini ndivyo ilivyo kwa kila mtu afunguaye: nia yake yaonekana katika jinsi aviwekavyo vitu chini.

Haya basi, turudi penye amani, chini ya mti au bati la gereji. Fundi amefungua injini ya mwenzake. Bolti zote zi katika ndoo moja. Hakuna namba, hakuna karatasi; utaratibu wote umo kichwani mwake. Huenda hana hila yo yote; ni uvivu tu, au ni majivuno ya kumbukumbu. Lakini tazama hali ya mwenye lori. Kahawa inangoja. Fundi amesema laki tatu, sasa asema tano. Mwenye lori akitaka kukosana naye na kumwita fundi mwingine, hawezi, kwa kuwa hapana fundi apendaye kufunga injini ambayo hakuifungua. Lori lake liko pale pale, hakuna aliyeliiba, tena hakuna anayelilinda. Na bado si lake. Hii ndiyo hali ya meli ya Liuli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakifikiri juu ya duka. Lakini mali ya namna hii hupotea ingali mbele ya macho ya mwenyewe.

Najua fundi mzee atanijibu: "Injini hizi nimezifungua miaka ishirini, nazijua hata gizani. Namba ni za wanafunzi." Nami namsadiki kwamba azijua. Lakini fundi naye huugua, huitwa msibani Songea, hufa. Aandikaye alama hukubali kwamba kazi yake yaweza kumalizwa na mtu mwingine. Humpa mwenye mali uhuru wa kumwacha. Neno hili ni gumu kwa mtu ye yote mwenye ujuzi, nami sidhani ni gumu kwa mafundi peke yao. Katibu wa chama cha ushirika ajuaye peke yake mahali hesabu zilipo, naye amefungua injini pasipo namba. Vivyo hivyo mwinjilisti ambaye orodha ya washarika wake imo kichwani mwake tu.

Liko swali jingine litangulialo haya yote: je, ilipasa kufungua? Injini husema mengi ingali imefungwa. Moshi wa buluu waonesha kwamba oili inaungua. Moshi mweusi, kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imekwisha kupata moto waweza kuwa ni maji yaingiayo katika silinda. Mgandamizo wa kila silinda waweza kupimwa kwa kutoa nozeli moja tu. Fundi akirukia kushusha injini kabla ya kusikiliza, atavunja mihuri iliyokuwa mizima na kutikisa vitu vilivyokuwa vimekwisha kukubaliana. Na hapa liko jaribu lisiloepukika: yeye ashauriye kufungua ndiye yule yule atakayelipwa kwa kufungua. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba, hakuishia kwa mwizi avunjaye nyumba usiku. Alihesabu pia bidhaa mbovu na biashara ya hila, tena akadai kwamba tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Fundi ajuaye kwamba nozeli ndiyo mbaya, akashusha injini nzima, amekaa ndani ya maelezo hayo.

Kinga moja nzuri mafundi waaminifu wanayo, nayo ni kumwita mwenye gari aje aone, na kumrudishia vipande vya zamani. Beringi iliyolika haihitaji mfasiri. Mikwaruzo mirefu yaonesha kwamba uchafu uliingia na oili. Shaba iliyotokeza chini ya madini ya juu yaonesha uchakavu. Ikiwa imelika pembe moja tu, konrodi imepinda. Mtu asiyejua kusoma aweza kuisoma kwa kidole. Na fundi asiyetaka kuvirudisha vipande vya zamani, mwenye gari anayo haki ya kujiuliza kama vipo.

Limebaki jambo lililo zito, nalo sikuliona likisemwa vya kutosha. Mwenye lori alikuja na fedha za gasketi ya hedi. Fundi amefungua, akaona konrodi moja ina ufa mwembamba kama unywele. Amemwambia mwenye mali, naye amejibu: "Fedha sina. Msimu unakwisha. Funga hivyo hivyo." Je, fundi afunge?

Wengine husema mali ni ya mwenyewe, naye amekwisha kuambiwa. Nakubali jibu hilo kwa vitu vingi. Ringi zikiwa zimelika kidogo, lori litakula oili, na hasara ni ya mwenye lori. Amechagua, na afungiwe. Mtu maskini ana haki ya kutengeneza nusu leo na nusu mwakani, na fundi amkataliaye hilo kwa jina la kazi bora aweza kuwa anamfilisi kwa uadilifu wake. Lakini konrodi yenye ufa si ringi. Ikikatika, yaweza kutoboa ubavu wa injini, nayo injini itazimika papo hapo. Katika mteremko wa kwenda Mbamba Bay, lori lenye mzigo huzuiwa na injini pamoja na breki. Tena breki za upepo hujazwa na pampu iendeshwayo na injini hiyo hiyo, na usukani huwa mzito mara injini inapokufa. Walioko chini ya mteremko, wanawake watokao ziwani na dagaa kichwani, watoto watokao shuleni, hao hawakuulizwa. Mwenye lori aweza kusamehe hasara yake mwenyewe. Ya kwao hana ruhusa ya kuisamehe. Kwa hiyo nasema fundi akatae kufunga, ijapokuwa atapoteza ujira na huyo mtu ataondoka akinung'unika.

Naye akikataa, bado deni la nati ya kwanza analo. Hawezi kumkabidhi mwenzake ndoo ya vyuma na kusema mchukue mali yako. Avifunge vifuniko vyote juu ya konrodi zake kwa namba zake, apake oili penye chuma kitupu kisishike kutu, afunike matundu, aandike katika karatasi ni kitu gani kilitoka wapi na ni ufa gani ameuona, na katika silinda ya ngapi. Karatasi hiyo aisome mbele ya mwenye lori na dereva wake, wote wakisikia, kisha aifungie pamoja na ile konrodi katika kitambaa kimoja, aiweke mikononi mwa mwenyewe.